Modemu ya Mbio

Nianze na ujinga wenyewe: nilimwambia muuza duka kwamba laini ya simu ya kwetu Handeni ni safi. Laini yetu ilikuwa inakwaruza kama maandazi yanayotumbukizwa kwenye mafuta.

Mama alinituma Korogwe nimpelekee mama yake khanga safi hospitalini. Mjomba ndiye aliyekuwa anamuuguza, na walikubaliana kwamba likitokea lolote atapiga simu, mama aende. Bibi alishasema akifa hataki kuoshwa na mwingine ila binti yake mkubwa. Siku ile alinipapasa kichwa, akasema nywele zangu ni mkonge, wanipeleke kiwanda cha mkonge cha Ngombezi wakanisage. Tukacheka. Nikaaga haraka nikakimbilia dukani.

Kaka yangu wa Dar alikuwa ametuachia kompyuta, na mimi nilitaka intaneti kabla likizo haijaisha. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliniwekea modemu mbili juu ya kaunta.

"Shikamoo mzee. Ipi ina mbio?"

"Marahaba. Hii kasi yake hamsini na sita. Hii nyingine thelathini na tatu, pole pole, lakini laini mbovu inaivumilia. Yenu ikoje?"

"Safi kama sahani ya mgeni."

"Handeni?" Akanitazama juu ya miwani.

"Mzee, sisi tunakosa maji tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikachukua ya mbio.

Ijumaa mama alipokwenda shamba, nilichomoa waya wa simu nikauvuta mpaka chumbani kwangu. Simu yenyewe niliiacha sebuleni chini ya kitambaa chake cha kufuma, kama kawaida. Modemu ikapiga Dar, ikalia kama mbuzi anayefungwa kamba, ikakata. Tena, ikakata. Nikaiamuru ijirudie yenyewe mpaka ishike, nikaenda kucheza mpira. Mama alirudi mchana, akapita mbele ya simu, hakuona kitu.

Jioni mjomba alishuka kwenye basi. Kandambili zake zilikuwa na udongo mwekundu wa Kwashemshi, kijijini kwa bibi. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchicha.

"Pole, dada. Tulikungoja mpaka alasiri. Zaidi ya hapo tungemwekaje?"

"Nani?"

Mjomba akaduwaa. "Si mama? Alfajiri. Nimepiga simu tangu asubuhi, kila nikipiga inatumika. Nikawaambia watu, habari imeshamfikia huyo, anawaarifu wenzake, atakuja."

Mama aliendelea kuchambua. Majani kwenye ungo, vijiti chini. Halafu vijiti vikaanza kuingia kwenye ungo.

"Nani amemwosha?"

"Majirani."

Sikulia, wala sikutaka kulia. Nilikuwa namwangalia kuku aliyekuja kudonoa mchicha, nikiwaza kwamba mtu angemfukuza. Ndani modemu ilikuwa bado inapiga.

Mjomba akaisikia, akageuza shingo. Mama naye akaisikia. Akainuka, akaingia chumbani kwangu, akasimama mbele ya kile kitaa chekundu cha modemu kinachopepesa, akaufuata waya kwa macho mpaka sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakunigusa.

Akasema, "Rudisha waya kwenye simu. Mama yako mdogo hajaambiwa."