Hatua Zangu Alizitembea Tarishi

Siku mke wangu aliponikamata kwa mwanamke mwingine, mimi nilikuwa ofisini kwangu, nimevua viatu, nakula keki.

Usiniulize imewezekanaje. Kaa nikusimulie.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni mafaili: yanaletwa, nayapokea, nayapanga, yanaondoka. Miaka kumi na minne nimekalia kiti kimoja, mpaka kiti kimechukua umbo langu.

Mwaka jana daktari akanipandisha kwenye mizani. Kilo mia na kumi na nne. Akanipima presha, akasoma, akapima tena kama vile mashine imemtania.

"Punguza uzito," akasema. "Sikuombi."

Kosa langu lilikuwa kumwambia dada yangu mkubwa.

Huyu dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Na utu uzima wangu huu, akiniita kwa sauti fulani, bado naficha mikono mgongoni. Mume wake alifariki kwa presha, asubuhi tu, amekaa kitandani anafunga kamba za viatu.

Kesho yake akaja nyumbani na saa. Si ya kutazamia saa tu. Ni zile za kisasa: inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inajua uko mtaa gani. Na ripoti yote inaingia kwenye simu yake yeye.

"Hatua elfu kumi kila siku," akasema, huku ananifunga mkononi kama mtoto wa chekechea. "Nitakuwa naziona."

Siku ya kwanza nilitembea kweli. Hatua elfu moja na mia mbili. Miguu ikawaka moto.

Siku ya pili, mia tisa. Dada akapiga simu. "Mdogo wangu, unaumwa?"

Siku ya tatu ndipo shetani akanionyesha Upepo.

Upepo ni tarishi wetu. Miaka hamsini na kitu, hana mke, mwembamba kama ufito. Anapanda na kushuka ghorofa nne kutwa nzima, mafaili kwapani. Ukimwita hapa, ameshafika kule.

Nikamwita pembeni. "Kaka, nivalie hii saa. Asubuhi nakupa, jioni unanirudishia."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Basi lete."

Jioni ile: hatua elfu kumi na tisa.

Dada alipiga simu sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Nilijua tu. Una damu ya baba."

Wiki sita nikaishi kama mfalme. Mke wangu, Mama Pacha, akawa ananitangaza kwa majirani. Tatizo lilikuwa moja tu: kitambi hakikupewa taarifa. Kilibaki palepale, kinang'aa.

"Mafuta yanaanza kutoka ndani," nikawaeleza. "Nje ni mwishoni."

Wakanielewa.

Ndipo ikafika siku yenyewe. Saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Baba Pacha, uko wapi?"

"Ofisini, mke wangu."

"Sawa. Mimi na dada tumesimama nje ya duka la mikate, mtaa wa pili kutoka hapo kwenu. Simu yake inasema umo humu ndani."

Keki ikanikwama.

"Mama Pacha, mitambo hiyo wakati mwingine..."

"Wiki ya tatu sasa. Kila siku saa nne unafika hapa mlangoni. Umesimama, hata hatua moja hupigi, moyo unapanda mpaka mia na kumi. Hujakimbia, hujapanda ngazi. Baba Pacha, mimi ni mwanamke. Moyo wa hivyo naujua. Zamani ulikuwa unapiga kwa ajili yangu."

Akakata.

Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Nikikaa kimya, nina hawara. Nikisema kweli, nimemdanganya aliyenilea.

Nikachagua kukimbia.

Nilikimbia, ndugu yangu. Ngazi za ghorofa tatu, geti, barabara, kona, miguu na soksi tupu, keki ingali mkononi. Mlinzi alinifuata hatua chache akidhani ofisi inaungua. Mbio kubwa kuliko zote maishani mwangu, na hakuna chombo hata kimoja kilichozihesabu.

Nilipofika, mke wangu na dada walishapita kaunta na kuingia jikoni. Nikajisukuma nyuma yao, pumzi zikitoka kama pampu ya baiskeli.

Jikoni alikuwepo Upepo.

Amevaa aproni, mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko, anakanda. Pembeni yake mwenye duka, mama wa makamo, kicheko hakijamkauka mdomoni. Na mkononi mwa Upepo, saa yangu, imejaa unga, inatetemeka kumpongeza kwa kufikisha nusu ya lengo la siku.

Mama Pacha akaitazama saa. Akanitazama mimi. Akatazama soksi zangu.

"Sema," akasema.

Nikasema. Yote. Hata mafuta ya ndani.

Kabla hajanijibu, mwenye duka akauliza, "Samahani, huyu bwana mnamjua?"

"Si ndiye tarishi wa ofisini kwa mume wangu," Mama Pacha akajibu.

"Tarishi?" Yule mama akageuka polepole. "Mimi nimeambiwa mkurugenzi."

Upepo akaacha kukanda. Niliona masikio yake yakishuka, kama yanaweza kushuka.

Nikaona nimsaidie, maana maji yalishatufika shingoni sote. "Mama, mkurugenzi wetu husafiri mwezi mzima na hakuna anayegundua. Huyu akikosa asubuhi moja, ofisi inasimama."

"Sikukuuliza wewe."

Kisha Upepo akasema, macho kwenye unga, "Ni tarishi. Miaka kumi na tisa."

Yule mama akamwangalia muda mrefu.

"Kanda," akasema. "Unga unakauka."

Nilitaka kucheka. Nikageuka nimwone dada kama anacheka.

Dada alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, simu mapajani.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Arobaini na nne, dada."

"Shemeji yako alikuwa na arobaini na sita." Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa khanga. "Wiki sita hizi, nikiona namba zako, nalala. Sikuwa nalala."

Afadhali angenichapa.

Hatukuizungumza tena habari ile. Mama Pacha aliniambia jambo moja tu njiani: "Hawara ningemshinda. Uvivu wako ndio sijui nitaupigia wapi."

Mambo yaliyofuata sikuyatarajia. Miezi miwili baadaye Upepo akaacha kazi. Akaoa, akahamia jikoni kwa mkewe. Leo ana kitambi chake mwenyewe, na anakibeba kwa heshima.

Ofisini wakasubiri tarishi mpya. Hakuja. Mkurugenzi, aliporudi safari, akatoa waraka: faili likitoka masjala, karani wa masjala alipeleke mwenyewe.

Karani wa masjala ni mimi.

Ghorofa nne, kutwa nzima, mafaili kwapani, saa mkononi mwangu mwenyewe. Wiki ya kwanza nililia chooni. Wiki ya pili dada akapiga simu.

"Naona elfu nne mia tatu," akasema.

"Ndiyo, dada. Zimepungua sana."

"Ni zako?"

"Ni zangu."

"Basi kesho ongeza mia."

Nimeshapungua kilo tisa. Kiti changu kimeanza kunipwaya.

Wewe unayesoma umelala chali, nakuachia hili: unaweza kumtuma mtu barua, akakuchukulia mzigo, akakusemea hata posa. Jasho halina tarishi.