Bamia kwenye Boila

Mwaka ule nilikuwa na kiburi, nakiri. Nilikuwa nimetoka mafunzoni kujifunza kupima vyuma kwa sauti, na katika karakana ya bandarini nilikofanya kazi hakukuwa na mwingine aliyejua hata kuiwasha ile mashine. Ofisi ikinituma mjini, nilitembea kifua mbele.

Siku hiyo nilitumwa Mchafukoge, kwa mzee wa Kihindi mwenye dobi ya mvuke. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, mitumba ya kila namna inashuka melini, naye alikuwa amejipatia boila kuukuu lenye ufa ubavuni. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani alikuwa ameuchomelea ule ufa. Mzee hakumwamini, na sikumlaumu: boila bovu hulipuka, na nyuma ya ukuta ule wanawake sita walikuwa wanapiga pasi. Akaniambia, mbele ya fundi mwenyewe, kwamba mashine ikiukataa mshono ule wa kuchomelea, fundi yule hatagusa tena chuma chake na mtaa mzima utajua.

Fundi alikuwa mtu mzima, mkimya, ameketi juu ya ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Nikaanza mbwembwe zangu. Nikamweleza kwamba sauti hii sikio haliisikii. Kidude hiki nakibana juu ya chuma, sauti inapenya hadi upande wa pili, inagonga, inarudi, na kwenye kioo mstari unaruka juu. Ikikuta ufa njiani, inarudi mapema.

Sikumweleza kwamba jeli ya kupaka kati ya kidude na chuma ilikuwa imeniishia. Wala sikumweleza kwamba kile kipande cha chuma chenye tundu linalojulikana, tunachoanza nacho ili kuhakikisha mashine inasema kweli, nilikiacha ofisini kwa sababu ni kizito. Nikapaka maji.

Mstari ukalala. Nikasogeza kidude huku na huku, umelala tu. Nikamgeukia mzee wa dobi na kumwambia kitaalamu kabisa kwamba sauti inapotelea ndani, mshono umeoza. Fundi akaitazama mikono yake. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona mkubwa.

Kisha akasema taratibu, "Binti, hebu weka pale ambapo sikuchomelea."

Nikaweka kwenye chuma kizima. Mstari ukalala vilevile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maji yalikuwa yanateremka kwenye ubavu wa boila kabla sijabana kidude, hewa inabaki katikati, na hewa kidogo tu inatosha kuizuia sauti hii. Nikawaomba radhi wote wawili, kisha nikaomba grisi. Fundi akakataa katakata. Alisema chuma kikiingiwa na grisi hakichomeleki vizuri tena.

Aliyetuokoa ni mama ntilie aliyekuwa anakata bamia pale mlangoni. Aliniuliza nataka kitu cha namna gani. Nikamjibu, kinachoteleza lakini hakitiririki. Alicheka hadi kisu kikamponyoka, akanisogezea bakuli.

Basi nikapaka utelezi wa bamia kwenye boila la watu, na mstari ukaruka juu, safi kabisa. Wapiga pasi wakaacha kazi wakaja kutazama. Nilifuata mshono shibiri kwa shibiri, kila mahali sauti inakwenda na kurudi inavyotakiwa, na moyoni nikawa namwombea fundi. Ikabaki shibiri ya mwisho, chini kabisa. Hapo mstari ukaruka mapema.

Nilirudia mara tatu. Sikutaka kusema. Mwishowe nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba hapa ndani pana uwazi.

Fundi akainuka, akapangusa vumbi pembeni ya kidole changu. Palikuwa na alama ndogo ya patasi, aliyoigonga kabla sijafika. Akasema umeme ulikatika akiwa hapohapo, na alijua pameshika vibaya. Mzee akamuuliza kwa ukali kwa nini alinyamaza.

"Hapa nilikuwa na uhakika pana kasoro," fundi akasema. "Kwingine sikuwa nao, na wale akina mama wako nyuma ya ukuta. Mashine imepajua hapa bila kuambiwa, basi na kwingine naiamini."

Mzee akamwambia awashe grenda, akwangue pale na kuchomelea upya, na akimaliza amtazamie na mabomba ya ndani. Mimi nilikaa chini kumkatia mama ntilie bamia nyingine, uso unawaka kwa aibu. Kile chuma cha kuijaribia mashine nilichokiacha ofisini kwa uvivu, fundi alinitengenezea kingine palepale kwenye shibiri ya mwisho, na alikiwekea rehani jina lake mwenyewe.