Ungo wa Mama Evodia haujarudi

Sumbawanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya mtaa wa Chanji bado inauma masikio. Evodia Zenon ameketi mkekani nje ya nyumba yake, anachana mwanzi kwa kisu. Vipande vinatoka vyembamba, vinajikunja miguuni pake.

Ukutani pana misumari minne. Mitatu ina nyungo za kupeleka sokoni. Wa nne hauna kitu, na mtu haruhusiwi kuutundikia hata kofia.

“Huo una mwenyewe,” anasema. “Yuko Dar es Salaam.”

Mama huyu wa miaka 68 anasuka nyungo tangu alipoacha shule darasa la tatu. Kwa wiki humaliza tatu, kila mmoja Sh6,000. Ndizo zinazowalisha yeye na mumewe, mzee Kasmir, aliyepoteza macho miaka sita iliyopita.

Kila Ijumaa jioni Evodia alimshika mumewe mkono hadi sebuleni kwa jirani yao, Avelina, kufuatilia tamthilia ya runinga, Nyumba ya Bi Nasra. Evodia alitazama, akamnong’oneza: sasa kainama, sasa analia, sasa kavaa kanga nyekundu.

“Mwanzoni watu walimnunia,” anacheka Avelina. “Baadaye ikawa, mama, ongeza sauti! Maana anaona hata tusiyoyaona sisi.”

Machi mwaka huu, Bi Nasra, aliyemsubiri mwanawe miaka ishirini, alisikia mlango ukigongwa. Akainuka. Hapo tamthilia ikakatika. Wiki iliyofuata kituo cha runinga kikatangaza kuwa tamthilia imesitishwa, watazamaji ni wachache.

“Wachache?” anadakia mzee Kasmir kutoka ndani. “Hata mimi kipofu nilikuwepo! Walinihesabu?”

Tangu hapo, kila akinywa uji huuliza: nani aligonga?

“Nilimwambia mkewe amtungie tu jibu,” anasema Avelina. “Sema ni mtoto, yaishe.”

Evodia akakataa katakata. “Anaona kwa macho yangu. Nikimdanganya leo, kesho nikisema hapa pana shimo, ataniamini?”

Vijana wa mtaa wakakusanya majina kwenye simu ili tamthilia irudishwe. Wazee, ambao simu zao ni za tochi, wakamwendea Evodia. Badala ya jina, kila nyumba ilileta kipande cha mwanzi, hadi ndugu wa kijiji cha Kaoze wakatuma chao. Vikafika arobaini na kimoja. Akavisuka kuwa ungo mmoja, akaufungasha na ulezi, akaukabidhi basi la Dar es Salaam, upelekwe kituoni.

Wiki tatu baadaye dada mmoja wa kituo alipiga simu ya Avelina, naye akampa Evodia.

“Shikamoo bibi. Tunashukuru sana kwa zawadi.”

“Marahaba, mwanangu. Zawadi ni ulezi. Ungo nimewaazima.”

“Kwa hiyo tuurudishe, bibi?”

“Muurudishe. Lakini huku kwetu ungo wa jirani haurudi mtupu. Ukija na ulezi, unarudi hata na maharage. Ninyi tieni humo aliyegonga mlango.”

Dada alicheka. Aliposikia kuna mzee kipofu anayesubiri jibu, akauliza jina lake. Hakuahidi kitu, ila alisema ungo ameuweka mezani kwa bosi wake.

Evodia ameshapanga: ulezi mpya ukivunwa na ungo haujarudi, atasuka mwingine, mkubwa zaidi. “Mwanzi haujaisha Ufipa.”

Mzee Kasmir anatoka akipapasa ukuta. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kinatua kwenye wa nne.

“Bado,” anasema.

“Bado, baba. Kaa tunywe uji.”