Nafasi Nyuma ya Lori Tupu

Watu wengi hudhani lori likiwa tupu ndilo rahisi kuendesha. Mimi naliogopa zaidi. Likibeba mahindi ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara linatulia barabarani. Tukishashusha magunia, springi zinakuwa ngumu, nyuma kunarukaruka kwenye kila shimo, na ukikanyaga breki ghafla kwenye matope, tairi za nyuma zinateleza. Siku moja dumu nililosahau nyuma lilirushwa nje karibu na Kabingo, wala sikusikia kitu. Tangu hapo sijapakia mtu nyuma ya lori tupu.

Alasiri moja nilikuwa narudi tupu kutoka Mbarara, na mvua ilikuwa inaanza. Ndani ya kabini nilikuwa na mke wa mwanajeshi mwenye lori, ndiye tajiri yangu, pamoja na dada ya huyo mke aliyepakata mtoto mchanga. Tulipofika Kaberebere nikamwona jirani yangu, mama aliyetoka Kivu, Kongo, kama mimi, tunayesali naye kanisa moja. Anauza mawese kule kambini. Akanisimamisha.

“Baba, unipeleke nyumbani.”

“Mama, kabini imejaa.”

“Nitapanda nyuma. Gari yako iko na fasi mingi.”

“Nyuma hapana, mama. Likiwa tupu linarusha watu.”

Alicheka, akidhani namtania. Mke wa tajiri akagonga dashibodi. “Dereva, twende tu. Mtoto iko na baridi.”

Nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona bado ameinua mkono.

Baada ya Kabingo lami iliisha. Kwenye mteremko niliteremka kwa gia ndogo, bila haraka, na hata hivyo nyuma kukachomoka. Lori likageuka ubavu, bodi ikagonga ukingo wa udongo kwa kishindo. Wanawake wakapiga kelele, lakini hakuna aliyeumia. Nikashuka, nikatazama mbao zilizovunjika kwenye kona ya nyuma, pale ambapo mtu angekaa. Nikamshukuru Mungu kwamba nilimkatalia. Nilijisifu, kusema kweli.

Asubuhi nikasikia kwamba yule mama alipanda pikipiki, ikateleza kwenye matope yale yale, mguu wake ukavunjika.

Nilikwenda kumwona, nikamkuta amelala, mguu umefungwa plasta. Nikamweleza habari ya mteremko na mbao zilizovunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Nimeelewa,” akasema. “Nyuma ningekufa. Lakini bale bamama babili, uliwaomba basogee kidogo?”

Yule dada alikuwa mwembamba, na katikati tungeweza kubanana. Hata hilo sikulijaribu. Nilimwogopa mke wa tajiri, nikaitumia sheria yangu ya usalama kufunika woga. Tena ningeweza kumwambia, “Mama, usipande pikipiki mvua hii, nitakurudia.” Sikusema.

Mguu ulipona, ila anachechemea. Siku hizi nikirudi bila mzigo nampigia simu nikiwa bado Mbarara, namwambia kiti kipo, mbele. Kila mara ananishukuru kwa upole, na kukataa. Madumu yake ya mawese ananiachia niyabebe, nami nayafunga kwa kamba mara mbili nyuma ya kabini. Yeye mwenyewe hupanda basi dogo, na kanisani sasa hukaa benchi la upande wa pili.