Jiwe la Langoni

Mzee Ausi ni mkulima wa korosho na ufuta kama sisi wote hapa Mandawa, ila yeye ana boma. Lile la kale, kule kilimani, watu walikojificha enzi za kutekwa watumwa. Sisi tunaona mawe na magugu. Yeye anakuonesha handaki, ghala la mtama, lango la mashariki. Ukipiga miayo tu, unalo! "We fundi," huniambia, "huu ulikuwa mji!" Watoto wa shule amewatembeza humo miaka na miaka.

Langoni kulikuwa na jiwe bapa. Chini yake kalazwa bibi wa baba yake, aliyeuawa akifunga lango ili waliomo ndani wapone. Kila mwaka kabla ya kupanda, Ausi humwaga unga wa mtama juu ya jiwe na kumsalimia.

Jiwe hilo nililichukua mimi, Severini, fundi mwashi, mtu mzima na akili zangu. Mwaka juzi Ausi alilazwa Nachingwea kwa ajili ya macho. Mimi nilikuwa namalizia nyumba, kizingiti sina. Nikalibeba kwa baiskeli. Nisijitetee eti wazee wetu walitoka Msumbiji, mambo ya boma hatuyajui. Nilijua! Unga wake nilishauona mara ngapi?

Ausi alirudi haoni kabisa. Mvua zilipokaribia akaniita mimi, jamani, mimi, nimshike mkono hadi langoni. Nikamsimamisha mbele ya jiwe jingine. Akachuchumaa, akalipapasa.

"Fundi, hili silo. La bibi liko wapi?"

Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Nikamshusha kilima hadi kwangu, nikakiweka kiganja chake kwenye kizingiti.

"Hili hapa, babu. Nililiiba. Nisamehe, kesho nalirudisha."

Alilia. Nilitamani anitukane, au anichape na ile fimbo yake. Badala yake akafungua kifurushi, akamwaga unga pale pale mlangoni.

"Liache, usimsumbue tena," akaniambia. Kisha akainama. "Bibi, lango lako sasa ni hili. Walinde waliomo ndani." Alipoinuka akaongeza, "Mwambie mkeo asifagie."

Mke wangu Albina hajafagia. Sote tunapitia mlango wa uani, na nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu naiingia kama mwizi.