Pushapu za Fundi wa Dari

Mume wangu ni fundi wa dari. Nusu ya maisha yake kayamaliza juu ya ngazi, misumari mdomoni, na hicho ndicho kisingizio chake kila akininyima maneno. Mwaka jana mikono ikaanza kumgomea. Ulianza ubao kukataa kwenda juu, likafuata shati, kikafuata kitana. Daktari akasema kinga yake ya mwili imeacha vijidudu na kuishambulia misuli yake mwenyewe. Baba watoto akaichukia hiyo kinga kama kibarua mwizi, akameza dawa miezi kadhaa, uso ukamvimba.

Siku ya kipimo cha marudio alikuwa na mpango wake. Tajiri wake wa kazi alikuwa na ukumbi mpya, dari juu kabisa, naye alishaahidi kupanda Jumatatu. Kilichobaki ni ultrasaundi iseme misuli imepoa. Mimi nilikuwa namwona tu akidondoka kutoka kwenye ngazi hiyo, na nilimwambia.

"Acha kunichulia," akanijibu.

Tukiwa kwenye benchi akaenda chooni, akakawia, akarudi anahema, magoti yana vumbi.

"Nimepiga pushapu arobaini," akaninong'oneza. "Wapime misuli inayofanya kazi."

Kwake kila kipimo ni mtihani, na mtihani mtu hujiandaa.

Mpimaji, dada wa sauti ya chini, alimpaka jeli begani, akakiweka kifaa juu yake taratibu mno. Mume wangu akamwambia akandamize tu, yeye si wa kuumia ovyo.

"Nikikandamiza, baba, mishipa midogo inabanwa. Nataka kuona damu inavyopita kwenye msuli."

Ilionekana. Madoa mekundu yalijaa kwenye skrini, na mume wangu akanikonyeza.

"Damu ipo ya kutosha, eh?"

"Imezidi, baba. Msuli uliotulia hauna damu nyingi hivi. Huu una uvimbe."

Akaacha kukonyeza. Mimi siwezi kukaa na kitu rohoni.

"Alipiga pushapu arobaini chooni," nikasema.

Dada hakucheka, sijui alijizuia vipi. Akasema mazoezi nayo huvuta damu, hivyo alale nusu saa, kisha apimwe upya. Mume wangu alifurahi mno. Akajilaza hapo akinituma nimkumbushe jirani arudishe ngazi yetu.

Nusu saa ikapita. Dada akapaka jeli tena. Madoa yalikuwa yale yale.

"Tumpe muda zaidi," akasema. "Arobaini si mchezo."

Mume wangu alikuwa anaangalia dari. Kona moja ilikuwa imepinda vibaya, na siku nyingine angeisema mpaka tuchoke.

"Ilikuwa moja," akasema.

Dada akakiondoa kifaa begani.

"Na hiyo moja nilishuka tu. Kupanda ilinishinda. Mfagiaji ndiye aliyeniinua."

Dada akamfuta jeli polepole. "Basi ni ugonjwa, baba. Bado haujatulia. Ngazi hapana kwanza."

Niliumia. Mimi niliyeiogopa ngazi ile nilitamani zile arobaini ziwe za kweli.

"Mpigie tajiri," akaniambia. "Mwambie Jumatatu sipandi."

Kisha mtu huyu, ambaye tangu augue hakukubali nimfunge hata kifungo cha shati, akaninyooshea mkono.

"Mama watoto, niinue."