Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Usiku ule ulikuwa wa thelathini na nne tangu tumzike dada yangu Tabitha, mwalimu wa darasa la sita. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ukoo ulinipa kazi ya kuandika kumbukumbu yake, isomwe mbele ya watu siku ya arobaini.

Niliandika kurasa mbili. Niliandika hata ugomvi wetu mlangoni kwangu, maana ndiyo mara ya mwisho kuonana. Siku mbili baadaye alianguka darasani, hakuamka tena. Maneno ya ugomvi ule niliyamwaga pamoja kama makande: fungua tuongee sitaki usinitafute tena nimekuletea unga ondoka.

Jioni binti yake, Neema, aliisoma.

“Mama mdogo, hili la ‘usinitafute tena’ alilisema mama?”

Ningeweza kumjibu. Nilikunja karatasi, nikasema nimechoka, nikaenda kulala.

Usingizini nikajikuta darasani kwa dada. Yuko ubaoni, chaki imemjaa kwenye mkono wa sweta.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Simama hapa.”

Naujua utaratibu wake. Mwanafunzi akiandika watu wanaozungumza, dada huwasimamisha watoto wawili, kila mmoja asome maneno ya mtu wake. Wakifika kwenye maneno yasiyojulikana ni ya nani, wote wawili wananyamaza, na aliyeandika anarudi kurekebisha.

Karatasi yangu iko mikononi mwetu. Mtoto wa dawati la mbele anachungulia.

“Mwalimu, huyu mkubwa hivi hajui kushuka mstari!”

Darasa linacheka. Dada naye anacheka, kicheko chake kile cha puani.

Tunaanza. Yeye anasoma, “Fungua tuongee.” Mimi nasoma, “Sitaki.” Kisha tunafika pale. Nanyamaza. Naye ananyamaza. Madawati hayapo tena, tuko mlangoni kwangu, ana mfuko wa unga kichwani na shingo yake inatetemeka kwa uzito. Nasubiri aseme yeye. Nilitaka aseme yeye, sitadanganya.

“Siwezi kukusomea la kwako,” anasema taratibu.

Nikalisema. “Usinitafute tena.” Sauti ilitoka ileile ya siku ile.

Hakukasirika. Alitua mfuko chini, akajinyoosha.

“Lifungie hapo, ni lako. Halafu teremka mstari, na mimi nipate pangu.”

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani anawika.

Nilikaa jikoni nikaandika upya. Kila aliposema yeye, nilishuka mstari, nikafungua alama za usemi, nikaandika, nikafunga. Niliposema mimi, nilifanya vilevile, na kabla ya maneno yangu nikaweka ‘nikamwambia’. Ukurasa ulirefuka. Nikampelekea Neema, aliyekuwa anaosha vyombo uani. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma kwa kidole.

“Kwa hiyo ni wewe.”

“Ni mimi, mwanangu.”

Alisuuza sahani iliyobaki kwenye beseni.

“Siku ile alirudi nyumbani anacheka,” akasema. “Akaniambia, ‘Jumapili naenda tena. Hasira za mdogo wangu haziwezi kuishinda njaa.’”

Sikuwa najua. Nilimpa kalamu. Akaandika maneno hayo chini ya yangu, kwa mwandiko wake, akayafungulia alama na kuyafungia.